Spika ya Upande Wangu

Marehemu mume wangu alikuwa na studio katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Makorora. Ukisikia studio usije ukawaza vioo na viti vya kuzunguka. Kilikuwa chumba cha kulala kama vingine, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro, dirisha limezibwa kwa mbao, na feni marufuku kuwashwa wakati wa kurekodi kwa sababu mvumo wake unaingia kwenye maiki. Na joto la Tanga mnalijua. Waliingia humo watu wa kaswida, maharusi waliotaka wimbo wenye majina yao, wenye maduka waliotaka tangazo la kuzungusha mtaani, na wote walitoka wamelowa chapachapa, wanacheka.

Mimi nilikaa chumba cha pili. Kati yetu ulikuwa ukuta mmoja, na kwenye ukuta huo, upande wake yeye, ndipo alipopigilia shelfu ya amplifaya. Chini ya shelfu ilisimama spika ya kushoto, imeuegemea ukuta wangu. Ya kulia ilikuwa kule mbali, karibu na mlango wa barazani. Kwa hiyo nyimbo zote zilizotengenezwa katika nyumba ile mimi nilizisikia nusu. Ngoma nilizijua, zumari sikulijua. Kama mwitikiaji kawekwa kulia, kwangu mimi hakuzaliwa.

Kuingia mle ndani haikuwa desturi yangu. Wanaume wageni wanaingia na kutoka, mimi nikafanye nini? Lakini kulikuwa na kahawa. Nilipokuwa bado mgeni katika nyumba ile, nimeolewa juzijuzi, siku moja baada ya adhuhuri nilisikia ukutani ngo, ngo. Nilikuwa na dele la kahawa jikoni, nimeipika kwa tangawizi, nikawaza, haya, bwana ananiita. Nikamimina kikombe, nikajitanda vizuri, nikampelekea. Alikuwa peke yake. Akanitazama, akaitazama kahawa, akasema, "Umejuaje?" Nikamwambia, "Si umeniita?" Akatabasamu, akaipokea.

Basi ikawa ndiyo simu yetu. Ngo, ngo, napeleka kahawa. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Mtu wa kumwuliza swali asubuhi akakujibu jioni. Ila nikiingia na kile kikombe alikuwa ananiburutia stuli, ananikalisha katikati ya spika zote mbili, anasema, "Sikiliza na huku." Ndipo nilipopata nusu yangu nyingine: zumari, waitikiaji, vidole vinavyocheza kwenye kinanda. Tulikaa hivyo kimya mpaka kikombe kiishe. Halafu narudi zangu.

Kuna siku zilikuwa za kero, nisiseme uongo. Nimekaa nachambua mchele, ngo, ngo. Nimerudi sijakaa, ngo, ngo. Nikaingia nimefura, nikamwambia, "Hivi wewe, utapasuka kwa kahawa! Usiku hulali, mchana unanitoa jasho. Piga simu basi, ukuta wa watu utauvunja." Akapokea kikombe kwa mikono miwili, adabu tele, akasema simu haina ladha. Nikacheka bila kupenda. Mungu hakutujaalia mtoto, na watu walinionea huruma kwa hilo, lakini wallahi nyumba yangu haikuwa nyumba ya kuonewa huruma.

Alikufa ghafla. Presha ilimpanda akiwa barazani anavua viatu, na kufika hospitali walitwambia tumechelewa. Tukamzika kesho yake kabla ya adhuhuri, nami nikaingia eda katika chumba changu kilekile, ukuta uleule, wifi yangu mkubwa akahamia kunihifadhi. Kule chumba cha mbele kukafungwa kufuli. Kimya kilichokuwa ukutani sijui nikiiteje. Nililala nimeupa mgongo.

Ilipopita arobaini wazee wa upande wa mume walikaa. Nyumba ile ni ya familia, siyo yangu, na chumba cha mbele kinatazama barabara. Alikuwepo mtu anayetaka kukipanga auzie simu. Shauri likatoka hivi: kama vyombo vya marehemu vinafanya kazi, shemeji yangu, mdogo wake, aiendeshe studio, tuendelee kula hapohapo. Kama ni vibovu, viuzwe kwa atakayevitaka, na chumba apangishiwe yule wa simu. Na sifa ya vyombo ilikuwa mbaya. Kila aliyewahi kurekodi mle alijua kwamba sauti inakata. Wakapanga litaamuliwa nitakapotoka eda.

Sikuwa na neno la kusema mbele ya wazee, lakini moyoni nilitaka jambo moja tu, chumba kile kisife. Mwanamke asiye na mtoto, mumewe akishaondoka, anabaki na nini cha kuonyesha kwamba walikuwepo wawili? Mimi nilikuwa na chumba chenye trei za mayai.

Shemeji yangu ni dereva wa bajaji. Alijifunza kazi ya kaka yake kwa kudokoa, akipata nafasi, lakini sikio analo. Siku aliyofungua kufuli ilikuwa baada ya alasiri. Kulikuwa na kaswida ya kina mama wa madrasa ambayo marehemu aliirekodi akaiacha haijakamilika, nao walikuwa wanaisubiri. Nikasikia feni inazimwa. Nikasikia kiti kinaburutwa. Halafu ukuta wangu ukaanza kuimba, zile sauti za kina mama, taratibu, na mimi nikashika mdomo.

Mara ikakata. Upande wangu ukawa kimya, kule mbali kunaendelea. Halafu, ngo, ngo.

Niliinuka. Nitawaambia nini, niliinuka tu kama nilivyoinuka miaka yote. Nikaingia jikoni, nikawasha jiko, nikaweka dele, nikaponda tangawizi. Nimeshatoa na kikombe chake, kile chenye mstari wa dhahabu, ndipo wifi aliposimama mlangoni akaniuliza polepole, "Wifi yangu, unampelekea nani?"

Jamani! Nilikaa chini palepale sakafuni. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko kulikuwa na watu wa kunishika huku na huku, na siku hii alikuwepo wifi peke yake, naye analia.

Machozi yalipokauka ikaja hasira. Nikajitanda, nikaenda mpaka kwenye pazia la koridoni linalotenganisha ndani na mbele, kwa sababu wazee wa nyumba yetu wanataka mwenye eda asionane uso kwa uso na mashemeji, nikamwita. "Shemeji!" Akaitika. "Nani kakutuma unigongee ukuta?"

"Ukuta? Sijagonga ukuta, shemeji. Nimeigonga amplifaya. Sauti imekata, ukiigonga ubavuni inarudi. Kaka si ndivyo alivyokuwa anafanya?"

"Kaka yako alikuwa anagonga kuniita mimi."

"Wewe?" akasema. Na lile neno moja ndilo lililoniambia. Shelfu imepigiliwa kwenye ukuta wangu. Ukiipiga amplifaya, mimi huku nasikia mtu anabisha.

Nilirudi chumbani nikaketi kitandani nikahesabu upya maisha yangu. Kwa hiyo hakuwa ananiita. Hata siku moja. Alikuwa anapambana na chuma chake, na mimi bibi huyu naingia na kikombe, nimejitanda, najiona mpendwa wa moyo! Siku zile nilizomfokea kwamba ataumwa kwa kahawa, kumbe aliinywa kwa kunisitiri. Nikamnunia marehemu. Sijui kama kuna mtu amewahi kumnunia maiti, mimi nilimnunia. Nikimwombea dua namwombea kwa mkato. Wifi akaniambia, "Astaghfirullahi, mwenzio yuko kaburini." Nikamwambia, "Na huko aliko anajua alichonifanyia."

Lakini hasira zangu hazikuondoa tatizo. Vyombo ndivyo hivyo, sauti inakata, na yule mtu wa simu alishakuja kupima chumba kwa hatua zake, namsikia barazani anauliza kama trei za mayai zinabanduka. Zinabanduka! Nilitaka kutoka nimbandue yeye.

Ikabidi nimsaidie shemeji. Yeye mikono, mimi masikio. Kila alasiri anapoegesha bajaji anaingia mle, mimi nakaa nimeuegemea ukuta, naye ananisemesha kupitia pazia. Kwanza alishuku nyaya. Akazichomoa zote akazifuta kwa spiriti, maana pwani huku chumvi inaingia hata kwenye sanduku la nguo. Ikakata. Akabadilisha soketi ya umeme. Ikakata. Akaniambia, "Shemeji, naihamisha spika. Ya kushoto naipeleka kulia, ya kulia naileta kwako. Kama spika ndiyo mbovu, ugonjwa utahama nayo." Nikasikiliza. Haukuhama. Spika ngeni kabisa imekaa upande wangu, nayo imekufa vilevile. Akazigeuza nyaya zinazotoka kwenye kompyuta, ya huku ikaenda kule. Ugonjwa ukabaki kwangu. Spika haikuwa na kosa, nyaya hazikuwa na kosa. Ni amplifaya yenyewe, upande wa kushoto.

Akaenda Nguvumali kumleta fundi, mzee wa Kisambaa aliyetengeneza redio za mji huu tangu mimi sijaolewa. Nikamwamkia nyuma ya pazia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, pole na msiba." Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaiwasha kwa sauti kubwa mpaka bati likatetemeka na jirani akauliza kuna harusi ya nani. Haikukata. Akaiacha ikaunguruma mpaka maghribi inakaribia, haikukata hata kidogo. Akasema, "Chombo kizima hiki. Mmekigonga wenyewe kikakasirika." Akafunga mkoba wake akaenda. Kesho yake shemeji kaiwasha, ikakata.

Shemeji alikata tamaa. Nilimsikia amekaa kwenye ngazi ya baraza anavuta pumzi ndefu. "Shemeji, mimi nimeshindwa. Afadhali tuwaambie wazee ukweli." Eda yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Nilirudi chumbani, nikaupa ukuta uso badala ya mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu niliponuna nikamfikiria mume wangu bila kisirani. Nikajiuliza, alikuwa anagonga saa ngapi? Asubuhi hakugonga. Siku za nyimbo za harusi, zile za kelele, dele langu lilikaa baridi kutwa. Aligonga baada ya adhuhuri, majirani wanapojinyoosha, naye anapunguza sauti kwa heshima yao. Aligonga wakati wa kaswida, inapofika mahali pa upole.

Nikaruka kitandani. "Shemeji! Mrudishe yule mzee. Mwambie asiipandishe, aishushe!"

Mzee alirudi shingo upande. Nikamwambia kwenye pazia, "Baba, nakuomba, weka ile kaswida, halafu punguza mpaka iwe kama mtu anayembembeleza mtoto." Akacheka, lakini akafanya. Kina mama wakaanza, chinichini. Haukupita muda, upande wangu ukazimika. "Ala!" nikamsikia. Akapandisha sauti, ikarudi. Akashusha, ikaimba kidogo, ikafa. Akaigonga ubavuni, ngo, ngo, ikarudi. Lakini safari hii sikwenda jikoni.

Akatueleza. Ndani ya amplifaya kuna kidude kinaitwa rilei, kidogo kama kiberiti. Ukiwasha kinabofya, tk, ndipo kinafungulia sauti njia ya kwenda kwenye spika. Ndani yake kuna vijimidomo vya chuma vinavyogusana. Vya upande wa kushoto vimeliwa na hewa ya chumvi, vimekuwa vyeusi. Sauti kubwa ina nguvu, inajipenyeza. Sauti ndogo inafika pale inagota. "Ndiyo maana mimi sikuiona," akasema, "nilikuja na makelele yangu." Dawa yake ni kuweka rilei nyingine, basi. Ila amplifaya ile ni ya zamani, na rilei ya aina yake hajaiona dukani siku nyingi. Labda iagizwe Dar es Salaam, labda isipatikane kabisa.

Shemeji akasema ngoja, kaka alikuwa na kopo la vikorokoro. Nikasikia kopo linamwagwa mezani, misumari, skrubu, vitu vinaviringika. Kisha sikusikia kitu.

"Mmepata?" nikauliza. "Jamani, mmepata?"

"Ipo, shemeji," akasema. "Ipo mpya."

Mzee akailinganisha namba na ile ya zamani. Ndiyo yenyewe. Haijawahi kutumika, miguu yake inang'aa. Nikasema alhamdulillahi, kumbe tulikuwa tunahangaika bure. Ndipo mzee aliposema, kwa kushangaa tu, hakuwa na nia mbaya, "Mbona imo kwenye rambo?"

Ile mifuko ya plastiki, rambo, serikali ilishaipiga marufuku. Siku hizi ukienda dukani unafungiwa kitu kwa karatasi au mfuko wa kitambaa. Kuwa na rambo maana yake ni kwamba kitu hicho kilinunuliwa zamani, kabla ya marufuku. Mume wangu alikuwa na dawa ya ugonjwa ule kwenye kopo, kwenye shelfu ileile, karibu na mkono wake. Miaka! Na mtu huyu alikuwa anatengeneza redio za mtaa mzima. Mtu akimletea pasi mbovu, hali chakula mpaka imepona.

"Kwa nini hakuiweka?" nikauliza.

Shemeji ndiye aliyekohoa nyuma ya pazia. "Nilimwuliza, shemeji. Siku nyingi. Nikamwambia, kaka, vya watu unatengeneza, hiki chako kinakushinda? Akacheka. Akasema, 'Hii ikipona, yeye atakuja kufanya nini huku?' Mimi nilidhani mzaha. Sikujua anamsema nani. Nimejua juzi, uliponifokea."

Nilitaka kumpiga mume wangu, haki ya Mungu, nilitaka awepo nimpige kwa kanga. Mjinga wewe! Ningekuja. Ungesema tu njoo, neno moja, ningekuja bila kahawa, bila sababu, ningekaa kwenye ile stuli mpaka miguu ife ganzi. Yeye hakujua kusema njoo. Alijua kuacha kitu kibaki kibovu. Nikalia, na kununa kwangu kote kukaisha palepale, na kilichobaki kikauma kuliko kununa.

Wote wawili waliningoja. Nasikia mzee anapuliza chuma chake cha kuchomelea, kimeshapata moto. Shemeji akasema kwa upole, "Shemeji, ukitaka tuiache ilivyo, tutaiacha. Tutaigonga tu."

Na mimi nilitaka iachwe. Msidhani nilikuwa na ushujaa wowote. Lakini nilijua wazee watakuja na kukaa mle ndani, na sauti itakata mbele yao, na mtu wa simu atabandua trei zangu za mayai moja baada ya nyingine. Chumba au ile ngo, ngo yangu, nichague kimoja.

"Weka hiyo mpya, baba," nikasema.

Aliichomelea haraka, kwake ilikuwa kazi ndogo. Ile ya zamani shemeji aliniletea kwenye kiganja kwa chini ya pazia, nikaipokea, ilikuwa bado ya moto. Siku chache baadaye wazee walikuja, wakasikiliza, wakaridhika, mtu wa simu akatafuta chumba kwingine. Kina mama wa madrasa walipata kaswida yao.

Lakini siku ileile ya kuchomelea, mzee fundi alipoondoka, shemeji aliniuliza anipigie nisikie. Nikamwambia piga, na uishushe kabisa. Nikarudi chumbani, nikaketi chini, nikaweka bega ukutani. Kina mama wakaanza polepole, wakafika palepale penye upole palipokuwa panatushinda, wakapita, wakaendelea. Wifi alichungulia mlangoni akaniuliza kama aweke kahawa, nikatikisa kichwa kukataa. Iliimba upande wangu mpaka mwisho. Haikukata hata kidogo, na mimi sikuwa na sababu ya kuinuka.